Sakafu ya trela inaponesanesa: chanzo chake, tiba yake na hatari zake

Anayelala kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ya trela huamka na lalamiko moja. Mtu mmoja akiinuka usiku kwenda msalani, nyumba nzima inapata habari. Chai inacheza kikombeni, mlango wa kabati unagongagonga, na mtoto aliyelala upande wa pili anageuka kitandani kama aliye chomboni. Kijana hulizoea jambo hili kwa wiki moja. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama mjamzito, halizoei. Kwake yeye, sakafu isiyotulia ni njia ya kuangukia.

Trela hizi, ambazo wengi wetu tunaziita karavani, zimeenea sana Marekani na Kanada, na mji wa Elkhart katika jimbo la Indiana unajulikana kama kitovu cha utengenezaji wake. Zilibuniwa kwa ajili ya safari na likizo, zikokotwe na gari, ziegeshwe siku mbili tatu, kisha ziondoke. Lakini wako watu wengi wanaoishi humo mwaka mzima: wanaofuata kazi za msimu, waliokimbia kodi kubwa za nyumba, na wageni wanaojikusanyia akiba kabla ya kupanga mahali pa kudumu. Ndugu zetu wa pwani walioko huko nao hukutana nazo. Na huku nyumbani, mwenye trela ya kuuzia chakula au ofisi ya magurudumu hupata shida ile ile, kwa sababu chuma na springi hazibadiliki kwa kuvuka bahari.

Makala haya yanaeleza kwa nini trela iliyoegeshwa hunesa, jinsi ya kujua kosa liko wapi, na hatua za kulitibu bila kujiletea balaa kubwa zaidi.

Kwa nini inanesa

Trela ikisimama, magurudumu yake hubaki chini, na mwili wake wote huendelea kukalia springi. Nyingi hutumia springi za vyuma vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, mfano wa zile za lori ila ndogo. Springi hizo zimewekwa ili zilegee barabarani, zimeze mashimo na matuta. Hazijui kwamba safari imekwisha. Mtu akitembea ndani, kila hatua ni tuta dogo, nazo hulijibu.

Mambo mawili huzidisha mtikisiko huo. La kwanza, trela nyingi za springi hazina shokapu, kile chombo kinachoua mdundo wa springi kwenye gari. Ikishasukumwa, springi hupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kutulia. La pili ni mwendo wa binadamu wenyewe. Mtu anayetembea kawaida hupiga karibu hatua 2 kwa sekunde, na mwendo huo hauko mbali na mpigo wa asili wa mzigo uliokalia springi. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake, nguvu ndogo inazaa mwendo mkubwa. Ziko pia trela ambazo ekseli zake hutumia mpira ndani ya bomba badala ya springi. Hizo huwa na utulivu zaidi, ingawa nazo hazikosi kucheza.

Matairi nayo ni mito ya hewa. Tairi lenye upepo pungufu huongeza ulaini chini ya nyumba nzima.

Halafu kuna sakafu yenyewe. Chini ya trela kuna mihimili miwili mirefu ya chuma, na juu yake hulazwa mbao au vyuma vyembamba vya kukingama, kisha plaiwudi au mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi. Ili gari liweze kuvuta, kila kitu hufanywa chepesi. Trela nyingine hutumia sakafu ya sponji ngumu iliyobanwa katikati ya plaiwudi mbili nyembamba. Hiyo ni nyepesi na imara ikiwa mpya, lakini gundi ikiachia, sakafu huwa kama godoro.

Kanuni ambayo mafundi wa Lamu waliijua

Anayetaka kuelewa tiba na aangalie kwanza dari za nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au karibu tatu. Upana huo ulifuata boriti za mikoko zilizobeba dari. Boriti ikizidi urefu huo hunesa, na dari ya chokaa na mawe haivumilii kunesa.

Wahandisi huieleza kanuni hiyo kwa hesabu. Mzigo uleule ukiwekwa katikati ya boriti ileile, kudidimia kwake hupanda kwa urefu kujizidisha mara tatu. Ubao uliolazwa juu ya vigingi vilivyoachana mita 4, ukididimia milimita 16 mtu akisimama katikati, utadidimia milimita 2 tu vigingi vikiachana mita 2. Umepunguza nafasi kwa nusu, umepunguza kudidimia mara nane.

Kanuni ya pili ni ya kimo. Mbao ya inchi 2 kwa 4 ikilazwa chali hunesa mara nne zaidi ya ikisimamishwa kwa ubavu. Kwa hivyo, anayetaka sakafu ngumu ana njia mbili: asogeze mategemeo yakaribiane, au aongeze kimo cha kinachobeba. Kwa trela iliyoegeshwa, njia ya kwanza ndiyo rahisi na ya bei nafuu.

Jua kosa liko wapi kabla ya kununua kitu

Wengi hukimbilia dukani kununua jeki mpya kumbe ugonjwa ni mwingine. Kipimo chake hakigharimu senti. Mtu mmoja atembee ndani, kutoka mbele hadi nyuma, kwa hatua za kawaida. Mwingine achutame nje na kutazama.

Akiona nafasi kati ya tairi na bati la juu yake inafunguka na kufumba, springi ndizo zinazocheza.

Akiona wayo wa jeki unainuka kidogo au unazama udongoni, jeki hazijashika au ardhi ni laini.

Akiona mwili wa trela umetulia lakini aliye ndani anasema sakafu inabonyea, basi kosa ni la sakafu. Hapo jeki zote za duniani hazitasaidia.

Rudieni kipimo hicho sehemu tatu: jikoni, karibu na mlango, na msalani. Andikeni mlichokiona. Mara nyingi majibu hayafanani.

Kuegesha: kazi ya kwanza na kubwa

Nusu ya mtikisiko hutibiwa siku ya kuegesha, na mpangilio wa hatua ndio unaohesabika.

Chagua ardhi ngumu. Saruji ni bora, kokoto iliyoshindiliwa inafuata, mchanga na udongo wa mfinyanzi ni wa mwisho. Mchanga huhama na mfinyanzi hulainika mvua ikinyesha. Kama huna budi, tandika mbao nene na pana chini ya kila jeki ili uzito usambae.

Weka usawa wa kulia na kushoto kwanza, trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari. Tumia pima maji. Upande ulio chini, panda na magurudumu yake juu ya mbao. Usiupandishe upande huo kwa jeki za pembeni.

Zuia magurudumu kwa kabari, mbele na nyuma, pande zote mbili. Trela haina breki ya kuitegemea ikishafunguliwa. Kama ina magurudumu mawili yanayofuatana kila upande, kuna kizuizi cha chuma kinachobanwa katikati yao. Hicho hupunguza pia kule kusogea mbele na nyuma ambako watu hukuchanganya na kunesa.

Ndipo ufungue gari. Sawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya mkono wa mbele, ile inayosimama pale trela inapofungwa kwenye gari.

Mwisho, shusha jeki za pembeni nne. Hizi zina majina na maumbo mengi, nyingine hufunguka kama mkasi, nyingine hushuka kama mguu uliokunjwa, lakini kazi yake ni moja: kutuliza. Hazikutengenezwa kuinua trela. Zishushe hadi zishike ardhi, kisha zikaze kidogo hadi uhisi zimebeba. Anayezikaza hadi magurudumu yaning'inie hupinda mihimili, hubana milango na madirisha, na anaweza kuiangusha nyumba.

Jeki ikifunguka kwa urefu wake wote huyumba kama mtu aliyesimama kwa vidole. Weka mbao chini yake ili isihitaji kushuka sana. Jeki fupi ni jeki ngumu.

Kesho yake rudi ukazikaze tena, maana ardhi hukaa baada ya kubeba uzito. Rudi tena baada ya mvua kubwa. Walioko Kanada na majimbo ya baridi wakumbuke kwamba maji ya ardhini yakiganda huinua udongo, na ukiyeyuka hushuka. Trela iliyosawazishwa mwezi wa kumi inaweza kuwa imepinda mwezi wa tatu.

Kuigadimu trela

Jeki za pembeni hukaa karibu na ncha za trela. Katikati, penye jiko na meza, penye miguu mingi kuliko popote, hapana tegemeo isipokuwa springi zenyewe. Hapo ndipo ile kanuni ya boriti inaporudi.

Mabaharia wetu wana neno lake. Chombo kikipwelewa au kikivutwa ufuoni kwa matengenezo, hukigadimu: huweka magadi ubavuni ili kisimame wima, kisilale. Hakuna nahodha anayekiacha chombo chake kitegemee mkuku peke yake. Trela inayokaa mahali pamoja kwa miezi nayo igadimiwe.

Magadi ya trela ni stendi za chuma zenye skrubu juu, aina inayotumika gereji kushikilia gari. Nunua zilizoandikwa uzito zinaobeba, na uzito huo uzidi kwa mbali mzigo wa pale unapoziweka. Kwa kawaida stendi nne za ziada zinatosha: mbili mbele ya magurudumu na mbili nyuma yake, chini ya mihimili mikubwa ya chuma. Hakikisha umegusa mhimili wenyewe. Usitegemeze sakafu, bati la chini, bomba wala tangi la maji. Usitegemeze bomba la ekseli pia, kwani watengenezaji wengi hukataza jambo hilo kwa kuwa ekseli hupinda. Na kama trela ina chumba kinachosukumwa nje kwa ubavu, usikiwekee gadi isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kimeruhusu.

Zungusha skrubu kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo au nusu mzunguko kwa spana. Zunguka zote nne kidogo kidogo, usiimalize moja ukaja kwa nyingine. Pima usawa kila mara. Lengo ni stendi kuupokonya mzigo sehemu tu kutoka kwa springi. Magurudumu yaendelee kukanyaga ardhi.

Wanaotumia mawe ya bloku badala ya stendi wawe waangalifu. Bloku lenye matundu hubeba uzito matundu yakiangalia juu na chini. Likilazwa kwa ubavu huvunjika. Juu yake weka kipande cha mbao nene ili chuma kisilipige mahali pamoja. Na jiwe la matumbawe tunalojengea huku kwetu lisitumike kabisa kwa kazi hii. Ukutani, likibebwa na wenzake, ni sawa. Peke yake chini ya chuma linaweza kupasuka bila kuaga.

Kuyumba kwa pembeni na ngazi ya mlangoni

Stendi huzuia kupanda na kushuka, lakini haziondoi kuyumba. Jeki nyembamba zikisimama wima hucheza kulia na kushoto mfano wa meza iliyolegea miguu. Tiba ni fito za chuma zilizofungwa kwa mshazari, kutoka wayo wa jeki hadi mhimili wa upande wa pili. Umbo la pembetatu halipindiki kirahisi kama la mraba. Ndiyo sababu fundi wa makuti naye hukaza paa lake kwa miti ya mshazari.

Ngazi ya mlangoni nayo ina lawama yake. Ngazi inayoning'inia kwenye mwili wa trela huuvuta kila mtu anapoikanyaga. Iwekee kigingi kigumu chini yake, au iache kabisa na ujenge ngazi ya mbao inayosimama ardhini yenyewe, yenye mahali pa kushika. Kwa nyumba yenye mzee, ngazi hii ina faida kuliko jeki yoyote.

Sakafu inapokuwa ndiyo mgonjwa

Tukifika hapa tumefika penye hatari ya kweli. Sakafu inayobonyea mahali pamoja, hasa kuzunguka choo, chini ya sinki, mlangoni au chini ya dirisha, mara nyingi imeingia maji. Mbao za trela ni nyembamba, zikilowa hufura, huoza na kupoteza nguvu, huku zulia au plastiki ya juu ikiendelea kupendeza. Dalili ni harufu ya uvundo, doa jeusi, ukuta uliovimba, au bisibisi inayozama kwenye mbao kwa kusukumwa kidogo.

Kuweka gadi chini ya sakafu iliyooza ni kumfunga bandeji mwenye kidonda kisichosafishwa. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: paa, bomba, ukingo wa dirisha au choo chenyewe. Ziba. Kisha ng'oa sehemu iliyooza hadi ufike mbao nzima, kausha kabisa, ndipo ubandike mpya. Palipo na nafasi kubwa kati ya mbao za kukingama, ongeza nyingine katikati, zikisimama kwa ubavu. Sakafu ya sponji iliyoachia gundi ni kazi ya fundi anayeijua. Kuipigilia misumari hakuirudishi.

Anayenunua au kupanga trela kuukuu na akanyage kila pembe kabla ya kutoa pesa. Muuzaji atasema trela zote hunesa, na hiyo ni kweli. Lakini kunesa kwa nyumba nzima ni springi, na kubonyea mahali pamoja ni uozo. Tofauti ya gharama baina ya hayo mawili ni kubwa, na mgeni asiyejua huuziwa la pili kwa jina la la kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo yanayoua

Usiingie chini ya trela iliyobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kwa kufuata nati iliyoanguka. Weka kabari, weka stendi, kisha itikise kwa mkono kabla ya kuingiza kichwa. Na usiingie kama hakuna mtu wa pili hapo nje.

Funga mtungi wa gesi kabla ya kuinua au kushusha trela. Hakikisha bomba la gesi, la maji na waya wa umeme vina ulegevu wa kutosha. Ukimaliza, pakaa maji ya sabuni kwenye maungio ya gesi. Yakitoa mapovu, usiwashe kitu.

Magadi si nanga. Yanazuia kunesa, hayazuii kimbunga. Onyo la upepo mkubwa likitoka, wenye trela ni wa kwanza kuondoka kwenda jengo imara.

Siku ya kuhama, zunguka trela nzima kwa miguu kabla ya kuwasha gari. Pandisha jeki zote, toa stendi, toa fito, toa kabari za mwisho baada ya kufunga gari. Waliovuta trela jeki zikiwa chini wamezipinda, na wengine wameng'oa mhimili.

Kwa anayeanza, mpango ni huu: siku ya kwanza pima na usawazishe, jaza matairi upepo unaotakiwa, kaza jeki. Ukae wiki moja. Kama kunesa kumebaki katikati, ongeza stendi nne. Kama kunabaki kuyumba, funga fito za mshazari. Kama mahali pamoja panabonyea, weka spana chini na utafute maji. Fanya jambo moja kwa wakati mmoja, na kila mara rudia kile kipimo cha mtu mmoja ndani na mmoja nje. Trela haitakuwa nyumba ya mawe, lakini mzee ataweza kuamka usiku akaenda msalani na kurudi bila kushika kuta.